Rejeo la Arobaini na Moja

Sura ya Saba

Afande aliisoma barua ya mtahini mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna neno, kisha akaiweka mezani na kumtazama msichana aliyeketi mbele yake na mkoba mapajani.

"Kikao cha kuamua tuhuma hii ni saa tisa alasiri," alisema. "Sasa ni saa mbili na robo asubuhi. Tuna muda, ila si wa kuchezea. Umekula?"

"Sijisikii kula, afande."

"Utakula. Mtu mwenye njaa hukumbuka vibaya."

Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na miwili, yote katika kitengo cha hati za kughushi. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, barua za wosia, hata ratiba ya mazishi iliyoghushiwa aliwahi kuishika. Alipostaafu, chuo kikamchukua kusimamia ofisi ya maadili ya kitaaluma, chumba kimoja nyuma ya maktaba chenye mlango ambao lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Cheo alikiacha kazini, lakini jina la Afande lilimfuata mpaka huku.

Msichana naye alikuwa na jina lake. Kwa miaka miwili alikuwa akichunguza jinsi jongoo wanavyogeuza majani makavu kuwa udongo, na wenzake darasani walimwita Jongoo. Hakuchukia. Kwenye mkoba wake alikuwa amebandika picha ya mmoja.

Afande alimsomea barua kwa sauti. Mtahini wa nje alikuwa ameandika kwamba rejeo namba arobaini na moja la tasnifu hii halipo duniani. Orodha ilisema makala hiyo ilitoka mwaka 1991 katika jarida la baiolojia ya udongo, juzuu ya kumi na mbili, ukurasa wa 33 hadi 41. Mtahini ameifungua juzuu hiyo, na katika kurasa hizo amekuta makala ya minyoo ya ardhini. Mwandishi wa minyoo ana jina lilelile la ukoo lililotajwa na mwanafunzi. Mtahini amemwandikia, naye amejibu kwamba hajawahi kuandika habari za jongoo tangu azaliwe. Kwa hiyo makala hii ama mwanafunzi ameitunga, ama ametungiwa na kompyuta.

"Kikao kikikubaliana naye, tasnifu inakataliwa na wewe unaondoka chuoni," Afande alisema. "Sitakuficha. Haya, niambie. Makala hii uliisoma?"

"Niliisoma mara tatu. Ya tatu nilisoma kwa raha zangu tu."

"Iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani, na ile ilikufa mwezi wa nne. Orodha ya marejeo ilipona kwa sababu iko mtandaoni, ila faili za makala zilikwenda nayo."

"Si ungeipakua tena."

"Tovuti nilikoipata, ya mtu aliyekuwa akipiga picha machapisho ya zamani, imefungwa. Nikiifungua sasa naambiwa anwani inauzwa."

Afande aliandika. Mpaka hapo kila jibu lilikuwa kama la mtu mwongo, na yeye alijua kwamba majibu ya watu wakweli mara nyingi yana sura hiyohiyo.

"Nieleze makala yenyewe ilikuwa inasema nini."

Hapo msichana alibadilika. Mkoba ukashuka sakafuni, mikono ikaanza kufanya kazi. Mwandishi, alisema, alikuwa anataka kujua jongoo mmoja hutembea umbali gani msituni kwa usiku mmoja. Akakamata jongoo mia mbili na kumi na wawili, akawapaka alama mgongoni kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa madume na nyeupe kwa majike, akawaachia. Kila asubuhi alikwenda kuwatafuta akitambaa kwa magoti. "Na wengi walirudi kwenye gogo lilelile, afande. Waliweza kwenda mita nane, wakarudi kwao."

"Rangi ya kucha," Afande alirudia.

"Ndiyo. Ilikuwa haitoki hata kwa umande."

"Una maandishi yoyote uliyoandika wakati unasoma?"

Jongoo akatoa daftari lenye jalada lililokunjika. Afande alilishika kama alivyozoea kushika vielelezo, kwa kingo. Wino wa bluu, mwandiko mmoja, kurasa zenye madoa ya udongo. Akafika mahali penyewe. Uk. 118, utangulizi. Uk. 121, jedwali la 2, angalia upya. Uk. 126, mwisho, anamshukuru kaka yake kwa kumbebea ndoo.

Akarudi kwenye tasnifu, akaweka kidole kwenye rejeo la arobaini na moja. Akarudi kwenye daftari.

"Kwenye orodha umeandika ukurasa wa 33 hadi 41. Humu umeandika 118 hadi 126. Ipi ni kweli?"

Msichana aliinama kutazama, akakunja uso. "Sijui. Sikuwahi kuona kwamba zinatofautiana."

"Vizuri," alisema Afande, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Mtu anayetunga makala huitungia kurasa mara moja. Hana haja ya kutunga mara mbili, tena zipingane. Twende kwa mkutubi. Njiani tunapitia chai."

Mkutubi mkuu alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa sweta hata siku za jua, na aliyeamini kwamba hakuna kitu kilichochapwa kikapotea kabisa. Aliwapisha mezani kwake, akatazama kikombe cha chai cha Jongoo kwa uchungu, akanyamaza kwa heshima ya Afande.

Jongoo alifungua programu anayopangia marejeo yake. Kila makala ina kadi yake humo: mwandishi, mwaka, jina, jarida, kurasa. Unapoandika tasnifu, programu inazichukua kadi hizo na kukutengenezea orodha ya mwisho bila wewe kuandika neno.

"Nionyeshe kadi yenyewe," Afande alisema. "Inasema ilizaliwa lini?"

Mkutubi alibonyeza. "Iliongezwa tarehe tisa mwezi wa pili. Ilibadilishwa tarehe tatu mwezi wa tano, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri."

"Ziko nyingine zilizobadilishwa siku hiyo?"

Alizipanga kadi zote kwa tarehe ya kubadilishwa. Akazihesabu kwa kidole. "Kumi na saba, pamoja na hii," alisema. "Dakika hiyohiyo moja."

"Mtu mmoja anaweza kusahihisha kadi kumi na saba kwa dakika moja?"

"Akiwa anasoma anachokifanya, hawezi."

Afande alimgeukia msichana. "Tarehe tatu mwezi wa tano kompyuta alikuwa nayo nani?"

Jongoo alitazama chai yake. "Nilikuwa nimenunua hii mpya. Nilimpa kaka yangu anisaidie kuiweka sawa. Lakini afande, kaka hawezi kunifanyia ubaya. Ndiye aliyeninunulia viatu vya msituni."

"Sijasema ubaya. Nipe namba yake."

Kaka mtu alikuwa fundi wa simu, na nyuma ya sauti yake zilisikika simu nyingine zikilia kwa milio tofauti. Aliposikia ni ofisi ya chuo, alisalimia kwa adabu kubwa.

"Tarehe tatu mwezi wa tano ulifanya nini kwenye marejeo ya mdogo wako?" Afande aliuliza, simu ikiwa imewekwa mezani wote wasikie.

"Nilisafisha, mama. Yalikuwa mia mbili na ushee, mengine yamejirudia. Programu yenyewe ikaniuliza, haya yanafanana, niunganishe? Nikasema unganisha. Ikauliza tena, nikasema unganisha. Tukaenda hivyo mpaka ikanyamaza."

"Ulisoma hata moja?"

"Ningeanzia wapi? Yote ni ya wadudu."

"Jongoo si mdudu," dada yake alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi nyumbani.

"Kuna kitu kimeharibika?" kaka aliuliza. "Maana ilikuwa inakwenda vizuri sana nilipoirudisha."

"Kuna kitu tunakitafuta," Afande alimjibu. "Umetusaidia kuliko unavyojua. Fanya kazi yako."

Alipokata simu, mkutubi alikuwa ameshachukua karatasi na kalamu. Alichora visanduku viwili. Programu, alieleza, haisomi makala. Inalinganisha jina la ukoo, herufi ya kwanza ya jina la mtu, na mwaka. Vitatu hivyo vikilingana, inadhani ni makala moja iliyoingizwa mara mbili. Ukikubali kuunganisha, inachukua jina la makala kutoka kadi moja, na jarida na kurasa kutoka kadi nyingine. Akachora mshale kutoka kila kisanduku hadi kisanduku cha tatu, akaandika humo 41.

"Ulikuwa na kadi ya makala ile ya minyoo?" Afande alimwuliza msichana.

"Nilikuwa nayo. Mwishoni sikuitumia. Ndiyo maana sikugundua imepotea."

"Basi hatuna mwandishi mmoja. Tuna mtu wa minyoo na mtu wa jongoo, wana jina moja la ukoo, herufi moja, na wamechapisha mwaka mmoja. Wa minyoo tunamjua. Bwana mkutubi, nitafutie wa jongoo."

Ilikuwa saa nne na nusu. Mkutubi alianza na jina zima la makala, akalifunga kwa alama za kunukuu ili mtambo utafute maneno hayo kwa mpangilio huohuo. Hakuna kitu. Akajaribu hifadhidata tatu ambazo chuo kinazilipia, moja baada ya nyingine, na kila moja ikamwonyesha sifuri. Akaacha jina, akatafuta kwa maneno machache: jongoo, mwendo, gogo. Yakaja makala mia nne, hakuna ya mwaka huo. Akatafuta kwa jina la ukoo na mwaka, na kila mara akajitokeza yule wa minyoo. Mwisho akatafuta kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuirejelea makala hiyo.

"Hakuna hata mmoja," alisema, akavua miwani. "Kama ipo, basi mtambo hauijui. Vitu vya zamani vingi havikuingizwa. Wewe uliisikia wapi?"

"Nyuma ya makala nyingine, kwenye orodha ya marejeo yake. Lakini nilipitia orodha za namna hiyo labda mia, na sikuandika ipi. Hata jina la jarida sikulishika." Alikisukuma kikombe pembeni. "Nilidhani nitakumbuka."

Afande alikuwa amelifungua tena lile daftari kwenye mstari wa mwisho, akiusoma kama anausoma kwa mara ya kwanza. Anamshukuru kaka yake kwa kumbebea ndoo.

"Hebu nipe barua ya mtahini. Jibu la yule mtu wa minyoo ameliambatisha?"

Lilikuwapo, mistari miwili, na chini yake jina, cheo cha mtafiti mstaafu, na namba ya simu ya nyumbani. Afande alilisoma swali ambalo mtahini aliuliza. Alikuwa ameuliza hivi: je, wewe uliandika makala ya jongoo mwaka 1991? Na mzee akajibu: la, sijawahi kuandika habari za jongoo maishani mwangu.

"Ameulizwa kuhusu yeye, akajibu kuhusu yeye," Afande alisema. "Acha nimwulize la pili."

Simu iliwekwa tena mezani wote wasikie. Mzee alipokea baada ya mlio wa saba, na akamtaka aongee kwa nguvu.

"Shikamoo mzee. Nakupigia kutoka chuoni, kuhusu makala ya jongoo."

"Marahaba. Nilishamwambia yule bwana, mimi ni mtu wa minyoo."

"Najua, mzee. Nauliza kitu kingine. Uliwahi kumbebea mtu ndoo msituni?"

Jongoo na mkutubi walitazamana. Kisha kikaja kicheko kirefu kilichoanzia kifuani na kuishia kwenye kikohozi.

"Ndoo za dada yangu," alisema mzee. "Mgongo wangu haujapona mpaka leo. Zilikuwa zimejaa jongoo waliopakwa rangi kama wanakwenda harusini. Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Amekushukuru ukurasa wa mia na ishirini na sita. Alichapisha wapi, mzee?"

"Alikuwa fundi wa maabara pale kituo cha utafiti wa misitu. Majarida makubwa hayakumtaka, walisema hana shahada. Akaichapisha kwenye taarifa za kituo chenyewe. Juzuu ya nne, kama sikosei. Kituo kilifungwa zamani."

"Dada yupo?"

"Yupo, na meno yake yote. Saa hizi yuko shambani, simu ameiacha ndani. Nitamwambia akupigie."

Mkutubi alikuwa amesimama kabla simu haijakatwa. Taarifa za kituo, alisema, ziliwahi kuletwa kwa masanduku siku kituo kilipofungwa. Hazikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta. Ziko chini.

Chumba cha chini kilikuwa na rafu za chuma zinazokaribia dari na harufu ya karatasi iliyokaa sana. Mkutubi alipita safu moja baada ya nyingine akisoma migongo ya vitabu kwa kidole, akasimama kwenye rafu ya chini kabisa. Juzuu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya tano. Ya sita.

"Haiwezekani," alisema, akapiga magoti na kupapasa nyuma ya rafu. Alitoa vumbi na rula ya mtu. Jongoo aliketi juu ya ngazi ndogo, akafunika uso.

Saa ilikuwa imefika saba na dakika ishirini. Afande alichutama mbele ya vile vitabu. Vyote vilikuwa vimejalidiwa kwa kitambaa kimoja cha kijani, namba imepigwa kwa rangi ya dhahabu. Aliweka vidole viwili kwenye mgongo wa juzuu ya tatu. Ilikuwa na unene wa vidole viwili. Ya sita pia. Akaweka kwenye ya tano. Ilichukua vidole vinne.

"Mwaka ule walikuwa na mengi ya kusema," alisema, "au aliyejalidi alitaka kumaliza kazi mapema."

Aliivuta na kuifungua katikati. Kurasa za mwisho za sehemu ya kwanza zilikuwa za rangi ya maziwa, zinazofuata nyeupe zaidi, na kati yake, kikiwa kimeshonwa ndani pamoja na kurasa, kilikuwa kifuniko chepesi cha karatasi chenye namba 5. Juzuu mbili ndani ya jalada moja. Akarudi mwanzo. Namba 4. Akafunua mpaka ukurasa wa 118, akampa msichana kitabu bila neno.

Jongoo hakuusoma utangulizi. Alifunua moja kwa moja ukurasa wa 121, akaweka kiganja juu ya jedwali la pili kama mtu anayempapasa mtoto aliyerudi nyumbani, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Mkutubi aligeukia rafu, akawa anapanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Saa tisa kamili waliingia kikaoni. Mkuu wa kitivo aliketi katikati, mtahini kulia kwake, akiwa na kabrasha lenye alama za rangi. Afande aliweka mezani vitu vinne kwa mpangilio: tasnifu, daftari, karatasi yenye tarehe za kadi, na kile kitabu cha kijani. Akaeleza kimoja kimoja kwa dakika kumi na moja, bila kupandisha sauti.

Mtahini alikivuta kitabu. Alisoma kurasa zote tisa, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alilinganisha jedwali na sura ya tatu ya tasnifu.

"Umetumia takwimu hizi sawasawa," alimwambia Jongoo. "Lakini nina swali moja. Mwandishi anasema walirudi kwenye gogo lao. Wewe unasema si gogo, ni unyevu uliomo ndani yake. Una ujasiri gani wa kumpinga?"

"Simpingi. Yeye alifanya utafiti wake kiangazi tu. Mimi nililisogeza gogo, nikaacha mahali pake pakiwa na unyevu. Jongoo thelathini na wanne kati ya arobaini walirudi mahali, wakaliacha gogo. Nafikiri angekuwa na mwaka mwingine angefanya hivyo mwenyewe."

Mtahini alitazama kitabu, akatazama msichana. Uso wake ulilegea taratibu mpaka ukawa wa mtu mwingine kabisa. "Nimefundisha baiolojia ya udongo miaka kumi na tisa," alisema, "na kazi hii sikuijua. Naomba radhi, binti. Nilitafuta kwa bidii, ila nilitafuta pale nilipozoea. Mkutubi akinikubalia, nitaomba nakala."

Mkuu wa kitivo aliandika uamuzi hapohapo. Tuhuma imefutwa. Mwanafunzi atasahihisha rejeo la arobaini na moja na kukagua mengine kumi na sita yaliyounganishwa, kila moja kwa macho yake, makala yenyewe ikiwa mbele yake, ndani ya wiki moja.

"Kwa macho yako," Afande alisisitiza walipotoka. "Siyo ya kaka."

"Kaka atanunua soda ya kitivo kizima nikimwambia," Jongoo alisema.

Walikuwa bado kwenye korido, karibu na ubao wa matangazo, simu ya Afande ilipolia. Alisikiliza kidogo, akaitika mara mbili, kisha akamkabidhi msichana.

"Shikamoo bibi," Jongoo alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ilikuwa nyembamba na yenye haraka. "Kaka yangu ananiambia kuna mtu ameisoma ile kazi. Nimemwambia amesikia vibaya, maana masikio yake mwenyewe unayajua. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi. Nimeirejelea kwenye tasnifu yangu."

"Umeirejelea maana yake nini? Umetaja jina langu?"

"Nimelitaja. Na mwaka, na ulichogundua."

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"Hebu nisomee hapo uliponitaja," sauti ilisema.

Jongoo alibana simu begani, akachutama, akafungua tasnifu juu ya goti lake, akatafuta ukurasa. Akasoma sentensi ile, na jina la ukoo la bibi ndani yake, na mwaka.

"Soma tena," bibi alisema, "ila polepole. Nimechukua kalamu."

Jongoo akasoma upya, neno kwa neno, akisimama kila mahali bibi aliposema ngoja.